Timu ya vikapu ni ya nani? Kisa cha Sterling na mzigo wa wachezaji

ILIKUWA mchana wa Jumapili, Aprili 27, 2014, mjini Oakland, Marekani. Wachezaji wa timu ya mpira wa vikapu ya Los Angeles Clippers waliingia uwanjani kupasha misuli moto kabla ya kuchuana na Golden State Warriors katika awamu ya mchujo. Walipofika katikati ya uwanja, walivua jaketi zao, wakazibwaga sakafuni kwa rundo moja, kisha wakaendelea na mazoezi wakiwa wamegeuza fulana zao ndani nje ili jina la timu lisionekane. Hakuna aliyehutubu. Baadaye walivalia jezi kama kawaida, wakacheza, wakalimwa alama 118 kwa 97.

Siku mbili awali, tovuti moja ya habari za watu mashuhuri ilikuwa imetoa kanda ya sauti ya Bw Donald Sterling, mmiliki wa timu hiyo, akimkaripia mwandani wake wa kike kwa kujianika hadharani na watu weusi. Alimtaka asiwalete kwenye mechi zake. Aliyemkera zaidi ni Magic Johnson, mmoja wa wachezaji bora kuwahi kutokea katika mchezo huo, ambaye mwanadada huyo alikuwa amepigwa picha naye. Haya yalisemwa na mtu ambaye kocha wake, Doc Rivers, ni mweusi, na ambaye nyota wake, kuanzia Chris Paul hadi DeAndre Jordan, ni weusi vilevile.

Mashabiki waligawanyika papo hapo. Wapo waliosema kubwaga jaketi ni mzaha. Kwamba mtu mwenye heshima zake hamchezei bwana anayemdharau, na kwamba wachezaji hao wangerudi hotelini na kuacha ukumbi uzizime. Wengine walisema vijana hao walikuwa wametoka jasho msimu mzima, si kwa ajili ya Sterling bali kwa ajili yao wenyewe, na haikuwa haki kuwataka watupe jasho hilo kwa kosa la mtu mwingine. Wapo pia waliouliza swali ambalo kwa wakati huo lilionekana la kipuuzi: mtu anawezaje kunyang'anywa mali yake kwa maneno aliyoyasema nyumbani kwake?

Swali hilo la tatu ndilo ufunguo wa hayo mawili ya kwanza. Ili kujua mchezaji anadaiwa nini na umma, ni sharti kwanza kujua timu anayoichezea ni ya nani.

Msomaji aliyezoea soka ya humu nchini huenda akatatizika kidogo. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama. Maafisa huchaguliwa kwa kura, hata kama chaguzi zenyewe mara nyingine huzua vurugu kuliko mechi, na hakuna bwanyenye awezaye kuamka asubuhi moja na kutangaza kuwa Gor imehamia mji mwingine na kubadilisha jina. Katika Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani, NBA, hilo linawezekana, na limetendeka.

NBA ina timu 30. Kila moja ni mali ya mkwasi mmoja au kundi la wakwasi wanaoongozwa na mmoja wao. Lakini anachonunua mtu huyo si wachezaji, kwani hao wana kandarasi zao na siku moja watakwenda. Mara nyingi si ukumbi pia, kwa kuwa kumbi nyingi zimejengwa kwa fedha za umma au ni za watu wengine. Anachonunua ni kiti katika meza ya watu 30. Kiti hicho humpa haki ya timu yake kushiriki ligi, haki ya kuwa na eneo lake la biashara, na mgao wa fedha za televisheni. Hawezi kukinunua bila idhini ya wenzake, na akitaka kuhama nacho, wenzake hupiga kura. Kila anayeketi hapo hutia sahihi katiba ya ligi, na katiba hiyo inasema kuwa kwa makosa fulani, robo tatu ya wamiliki wakikubaliana, mwenzao anaweza kuondolewa. Kamishna wa ligi, ambaye mashabiki wengi humwona kama mwamuzi mkuu asiyeegemea upande, huajiriwa na wamiliki hao hao.

Kwa ufupi, mmiliki ana timu jinsi mwanachama alivyo na nafasi katika chama cha siri. Ni yake, ila ni yake kwa ridhaa ya wenzake. Shabiki hayumo mezani kabisa.

Wakazi wa Seattle wanalijua hilo vyema. Timu yao, SuperSonics, ilianzishwa mwaka wa 1967 na kutwaa ubingwa mwaka wa 1979. Mwaka wa 2006 iliuzwa kwa dola milioni 350 na kundi lililoongozwa na Howard Schultz, yule wa migahawa ya kahawa ya Starbucks, kwa kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma City lililoongozwa na Clay Bennett. Wamiliki wapya walitaka ukumbi mpya ujengwe kwa kiasi kikubwa kwa fedha za umma. Umma ukakataa. Aprili 2008 wamiliki wa NBA walipiga kura ya kuruhusu timu ihame: 28 waliunga mkono, wawili tu wakapinga, Mark Cuban wa Dallas na Paul Allen wa Portland. Julai mwaka huo jiji la Seattle lilikubali kulipwa dola milioni 45 ili liachilie kandarasi ya ukumbi, na timu ikaondoka na wachezaji wake wote, akiwemo kijana Kevin Durant aliyekuwa ametoka tu kutajwa mchezaji chipukizi bora wa msimu. Waliobaki Seattle waliachiwa jina na rangi.

Miaka 41 ya kushangilia haikuwa na uzito wa kura moja. Mashabiki waliandamana na kupiga mayowe ukumbini, lakini hawakuwa na chochote cha kumnyima Bennett ambacho alikihitaji. Tukumbuke jambo hili tutakaporudi Los Angeles.

Bw Sterling, wakili na mmiliki wa majumba ya kukodisha, aliinunua Clippers mwaka wa 1981 ilipokuwa San Diego, kwa dola milioni 12.5. Miaka mitatu baadaye aliihamishia Los Angeles bila idhini ya ligi. Wakaishia mahakamani, na timu ikabaki huko huko. Kwa zaidi ya miongo miwili Clippers ilikuwa kichekesho cha ligi, ikipoteza mechi msimu baada ya msimu huku mmiliki akipokea mgao wake wa televisheni bila wasiwasi.

Yale yaliyosikika kwenye kanda ya 2014 hayakuwa mageni kwa aliyetaka kujua. Mwaka wa 2006 Wizara ya Haki ya Marekani ilimshtaki kwa madai kwamba aliwanyima nyumba za kupanga watu weusi pamoja na familia zenye watoto. Alikana. Mwaka wa 2009 kesi ilimalizwa kwa maafikiano ya kulipa takriban dola milioni 2.7, kiasi kikubwa kwa kesi ya aina hiyo. Habari hizo zilichapishwa magazetini. Ligi haikumtoza hata senti. Kamishna wa wakati huo, David Stern, alikaa kimya, na wamiliki wenzake wakaendelea kuketi naye meza moja.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaeleza kisa hiki kuliko kanda yoyote ile. Naye ni Elgin Baylor.

Januari 1959, Baylor akiwa katika msimu wake wa kwanza na timu ya Lakers, wakati huo ikiwa Minneapolis, walisafiri hadi Charleston, jimbo la West Virginia. Hoteli ikakataa kuwapokea wachezaji weusi. Wenzake weupe walikubali kuhamia penye kuwapokea wote, lakini jioni ilipofika Baylor hakuvaa jezi. Alikaa kando na kutazama mechi ikichezwa bila yeye. Alikuwa na umri wa miaka 24, chipukizi asiyekuwa na chama imara nyuma yake.

Miaka mitano baadaye, Januari 14, 1964, mjini Boston, alikuwa miongoni mwa nyota waliojifungia chumbani kabla ya mechi ya wachezaji teule. Walikataa kutoka hadi ligi ikubali kuwapa mpango wa malipo ya uzeeni. Pamoja naye walikuwa Bill Russell, Oscar Robertson na Jerry West. Televisheni ilikuwa ikisubiri kuonyesha mechi hiyo nchi nzima. Inasimuliwa kuwa mmiliki wa Lakers alimtuma mtu kuwaonya wachezaji wake, na kwamba Baylor alimrudisha mjumbe huyo na jibu ambalo haliwezi kuandikwa gazetini. Kamishna Walter Kennedy alikubali, nao wakatoka kwenda kucheza.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa meneja mkuu wa Clippers chini ya Sterling kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2008. Miaka 22. Mwaka wa 2006 alitajwa kuwa msimamizi bora wa timu katika ligi. Alipoondoka alimshtaki Sterling na ligi yenyewe. Alidai kuwa mshahara wake ulikwama kwenye dola 350,000 kwa mwaka tangu 2003, na kwamba Sterling aliiendesha timu kwa fikra za bwana shamba wa enzi za utumwa, akitamani vijana weusi maskini kutoka kusini wachezeshwe na kocha mzungu. Madai ya ubaguzi wa rangi yaliondolewa kabla ya kesi kusikizwa, yakabaki yale ya umri na kufutwa kazi kinyume cha sheria. Machi 2011 jopo la raia lilitupilia mbali yote. Sterling alitoka mahakamani akiwa mshindi.

Baylor hakuwa mwoga. Hilo lilithibitishwa Charleston na Boston. Hata hivyo, yale aliyoyaweza akiwa mchezaji hakuyaweza akiwa meneja. Akiwa mchezaji, alikuwa na kitu ambacho ligi ilikihitaji jioni ile ile, saa ile ile. Akiwa meneja, na baadaye akiwa mlalamishi kortini, alikuwa na ushahidi na hoja tu. Meneja mwingine angepatikana kesho yake, na kesi ingeweza kusubiri miaka miwili. Mechi haisubiri.

Sasa turudi katika siku nne za Aprili 2014, maana hapo ndipo tofauti hiyo ilipojitokeza waziwazi.

Ijumaa kanda ilitoka. Jumapili wachezaji wakabwaga jaketi. Siku hiyo hiyo Rais Barack Obama, akiwa ziarani Malaysia, aliulizwa kuhusu suala hilo na akayataja matamshi hayo kuwa ya kibaguzi na yenye kuudhi mno. Jumatatu wadhamini walianza kutoroka: CarMax na Virgin America walikatiza udhamini wao, nao State Farm, Kia na Red Bull wakausimamisha. Jumanne, Aprili 29, timu hizo mbili zilikuwa zikutane tena, safari hii Los Angeles. Baadaye ilibainika kwamba wachezaji wa Warriors walikuwa wamepanga, endapo ligi isingechukua hatua kali, kuingia uwanjani, kungoja refa arushe mpira juu, kisha kuuacha uanguke na kutoka wote huku televisheni ikionyesha.

Haikufika huko. Saa chache kabla ya mechi, kamishna mpya Adam Silver, ambaye alikuwa ameshika wadhifa huo kwa miezi mitatu hivi, alitangaza kuwa Sterling amepigwa marufuku maisha, ametozwa faini ya dola milioni 2.5, ambayo ndiyo ya juu zaidi iliyoruhusiwa, na kwamba wamiliki wangeombwa wampigie kura ya kumwondoa. Usiku huo Clippers ilishinda 113 kwa 103.

Kwa nini maneno ya faraghani yalimwangusha mtu ambaye matendo ya hadharani hayakumtikisa? Wapo wanaosema ni kwa sababu Silver ni mtu bora kuliko Stern. Huenda ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Waathiriwa wa kesi ya nyumba walikuwa wapangaji, na mpangaji hana mechi ya kususia. Kanda ilipotoka, walioumizwa walikuwa wachezaji, katika ligi ambayo takriban robo tatu ya wachezaji wake ni weusi, katikati ya mchujo, wakati ligi ikielekea kufunga mkataba mpya wa televisheni. Mkataba huo ulitiwa sahihi Oktoba mwaka huo kwa thamani ya dola bilioni 24. Kila mmiliki mezani aliweza kupiga hesabu: kuendelea kuketi na Sterling kungemgharimu yeye binafsi.

Mark Cuban, yule yule aliyekuwa ametetea Seattle, alionya kabla ya uamuzi kwamba kumfukuza mtu kwa maneno aliyoyasema nyumbani kwake ni jambo la hatari, kwa kuwa hakuna ajuaye wenzake watakomea wapi. Baada ya uamuzi aliunga mkono. Onyo lake halikuwa la kipumbavu. Mwenye kufurahia Sterling kunaswa kwa kanda ya siri ajiulize angesemaje kama aliyenaswa angekuwa mtu ampendaye. Lakini jibu limo katika ule mfano wa kiti. Sterling hakunyang'anywa nyumba zake wala fedha zake. Aliambiwa na wenzake kwamba hawataki kukaa naye, jambo ambalo alilikubali katika sahihi yake.

Isitoshe, hata hiyo kura haikupigwa. Mkewe, Bi Shelly Sterling, alikubaliana na Steve Ballmer, aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa Microsoft, kumuuzia timu kwa dola bilioni 2. Sterling alipinga, mahakama ikamruhusu mkewe kuuza baada ya madaktari kusema kuwa mzee huyo wa miaka 80 hakuwa na uwezo wa kiakili wa kusimamia mali ya familia. Uuzaji ulikamilika Agosti 12, 2014. Kwa viwango vya ubadilishaji fedha vya wakati huo, hizo ni zaidi ya Sh170 bilioni. Miezi michache tu awali timu ya Milwaukee ilikuwa imeuzwa kwa dola milioni 550, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya juu zaidi katika historia ya ligi.

Adhabu, basi, iligeuza milioni 12.5 kuwa bilioni 2. Mashabiki waliocheka kwa uchungu walikuwa na haki ya kucheka.

Tukirejelea sasa lile swali la jaketi: je, wachezaji walitekeleza wajibu wao? Kwanza tukumbuke kuwa wengi hawakumchagua Sterling. Blake Griffin aliteuliwa na Clippers mwaka wa 2009 katika utaratibu ambao timu ndizo huchagua vijana, si vijana kuchagua timu. Chris Paul alifika huko Desemba 2011 baada ya mpango wa kumpeleka Lakers kuzimwa na Stern, wakati ambapo timu aliyoichezea, New Orleans, ilikuwa ikimilikiwa na ligi yenyewe. Anayesema walijua wanakokwenda huenda anasema kweli kwa kocha Rivers. Kwa hao wawili, sivyo.

Halafu kuna utata wa neno lenyewe. Mashabiki wanaposema mchezaji ana wajibu kwa umma, huwa wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni mwenendo: asilewe na kuendesha gari, asipige mke, asiwe aibu kwa mtoto anayevaa jezi yake. Hilo ndilo Charles Barkley alilolikana katika tangazo maarufu la viatu mwaka wa 1993, aliposema kuwa yeye si kielelezo cha watoto wa watu na kwamba kazi ya kulea ni ya wazazi. Karl Malone alimjibu kuwa mtu hajichagui kuwa kielelezo, huchaguliwa. Mjadala huo ulijaza kurasa nyingi, na kwa maoni yangu ulikuwa rahisi, kwa sababu haukumgharimu yeyote chochote. Viatu viliuzwa.

La pili ni kusema. Hapo gharama ilikuwa kubwa. Oktoba 1991 Craig Hodges wa Chicago Bulls alikwenda Ikulu ya Marekani akiwa amevaa kanzu ya Kiafrika na kumpelekea Rais George Bush barua kuhusu hali ya watu weusi. Msimu huo ulipomalizika timu yake ilimwacha, na hakupata timu nyingine ya NBA. Alikuja kuishtaki ligi bila mafanikio. Machi 1996 Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver, Mwislamu, alisimamishwa kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa. Alirejea baada ya kukubaliana na ligi kuwa angesimama akiomba dua, lakini nyota yake ilizimika mapema. Katika miaka hiyo hiyo Michael Jordan alikataa kumpigia debe hadharani Harvey Gantt, mgombea mweusi wa useneta huko North Carolina mwaka wa 1990, na kauli aliyohusishwa nayo, kwamba hata wapinzani wa Gantt hununua viatu, ilimwandama kwa miaka 30. Mwaka wa 2020 alikiri katika filamu kuhusu maisha yake kuwa aliisema, ila kwa utani miongoni mwa wachezaji wenzake.

Si sadfa kwamba Hodges na Abdul-Rauf waliumia. Walisema peke yao. Jordan angeweza kusema na asiguswe, lakini hakusema. Mashabiki wanaomlaumu kila mchezaji kwa kiasi kile kile hukosea hapa. Mchezaji wa akiba ambaye kandarasi yake inakwisha Juni si sawa na nyota ambaye televisheni haiwezi kumkosa. Wajibu wa kusema, kama upo, unapimwa kwa nguvu aliyonayo msemaji. Paul, mwaka wa 2014, hakuwa nyota tu. Alikuwa rais wa chama cha wachezaji.

Yaliyofuata yanaonyesha kuwa somo la Boston 1964 lilikuwa limesomwa upya. Agosti 4, 2020, wachezaji wa timu ya wanawake ya Atlanta Dream walivaa fulana zenye jina la Raphael Warnock, kasisi aliyekuwa akigombea useneta dhidi ya Kelly Loeffler, ambaye alikuwa mmiliki mwenza wa timu yao na alikuwa amepinga hadharani msimamo wa ligi kuhusu haki za watu weusi. Hebu fikiria mfanyakazi akija kazini na bango la mpinzani wa mwajiri wake! Januari 2021 Warnock alishinda, na mwezi uliofuata timu iliuzwa kwa kundi lililomjumuisha Renee Montgomery, aliyekuwa ameichezea. Wanawake hao hulipwa sehemu ndogo sana ya wanacholipwa wanaume. Waliweza kwa kuwa walikuwa pamoja.

Agosti 26 mwaka huo huo wa 2020, Milwaukee Bucks walikataa kutoka chumbani kucheza na Orlando Magic baada ya polisi kumpiga risasi Jacob Blake katika jimbo lao la Wisconsin. Mechi nyingine zikasimama. Waliporejea, ligi ilikuwa imekubali kumbi zitumiwe kama vituo vya kupigia kura. Na Septemba 2022, uchunguzi wa ligi ulipothibitisha matamshi ya kibaguzi na unyanyasaji katika timu ya Phoenix Suns, mmiliki wake Robert Sarver alisimamishwa kwa mwaka mmoja na kutozwa dola milioni 10. LeBron James alisema adhabu hiyo haitoshi. Aliyesema hivyo pia ni mchezaji wa Sarver mwenyewe, Chris Paul yule yule, aliyekuwa amehamia Phoenix. Mdhamini PayPal alitangaza kuwa hataendelea ikiwa Sarver atarudi. Siku nane baada ya adhabu kutolewa, Sarver alisema anauza. Timu ilipata bei ya dola bilioni 4.

Nguvu hiyo ina mipaka yake, na si haki kuificha. Oktoba 2019 Daryl Morey, meneja wa Houston Rockets, aliandika ujumbe mfupi wa kuunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. China ikakatiza matangazo ya NBA, na LeBron James, mwenye sauti kubwa kuliko wote katika masuala ya Marekani, akasema Morey hakuwa na ufahamu wa kutosha kuhusu jambo hilo. Safari hiyo wachezaji na wamiliki walikuwa upande mmoja wa meza. China ilikuwa soko la viatu vya mmoja na la matangazo ya mwingine.

Ndiyo sababu namwelewa shabiki wa Clippers aliyekasirika kuona jaketi zimebwagwa na mechi bado ikachezwa. Alikuwa akiwaomba wachezaji watumie nguvu ambayo yeye mwenyewe hana. Yeye angeweza kurudisha tiketi, na ukumbi ungejaa watu wengine. Hata hivyo, nadhani alikosea siku. Jumapili wachezaji walionyesha wanachoweza kufanya, na walikuwa na Jumanne mkononi. Kamishna alilisoma rundo lile la jaketi kama notisi.

Elgin Baylor aliyaona hayo yote akiwa na umri wa miaka 79, nje ya ligi. Aprili 2018 Lakers walimsimamishia sanamu ya shaba nje ya ukumbi wa Staples Center mjini Los Angeles. Ukumbi huo ulitumiwa pia na Clippers, hadi walipohamia ukumbi mpya uliojengwa na Ballmer mjini Inglewood mwaka wa 2024. Baylor alifariki Machi 22, 2021. Kwa miaka sita, mashabiki waliokwenda kuitazama timu aliyoitumikia kwa miaka 22, na ambayo ilimshinda mahakamani, waliipita sanamu yake mlangoni.